Mbeta ya Babu Matiasi

Kilolo, 10 Juni 1956

Mpwa wangu Tusajigwe,

Kamwene. Kuanzia Tunduma mpaka Tanga, mtu aliyeisimamisha benki ya Wajerumani kwa mikono yake miwili ni mmoja tu, na ndiye huyu anayekuandikia. Kwa hiyo sikushangaa hata kidogo kusikia kwamba Ulaya wananitafuta. Nilichoshangaa ni kuchelewa kwao. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa sauti nikiwa nimesimama nje, ili na jirani yetu Danieli asikie, maana yule hujiona mtu mkubwa kwa sababu aliwahi kumpikia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Unauliza kama ni kweli nilifanya kazi Benki ya Lindenkampu pale Iringa. Mwanangu! Ni kama kuuliza kama mvua ilifanya kazi kwenye mahindi. Benki ilikuwa chumba kimoja, dirisha moja, meza moja, na ukutani picha ya babu yake Bwana, yule aliyeianzisha huko kwao. Bwana Ludolfu Lindenkampu alikaa mezani. Mimi nilishika mengine yote. Na hayo mengine yote ndiyo benki yenyewe.

Sasa waandikie hili kwenye kitabu chao. Mwaka 1931 watu walieneza maneno kwamba benki imekwisha. Wazungu wa mashamba ya Dabaga wakashuka na malori, na bunduki, na mbwa, kila mtu anataka chake siku ile ile. Bwana akapauka kama unga wa muhogo. Nikamwambia, "Bwana, wewe kaa." Nikaibeba meza nikaiweka katikati ya mlango, nikatandika kitambaa cheupe, nikaketi, nikaanza kunywa supu ya njegere. Polepole. Wanapiga kelele, mimi napuliza kijiko. Nikawaambia, "Mabwana, kila mtu atapata chake nikishamaliza kula." Sahani ya kwanza wakatukana. Sahani ya pili wakatazamana. Sahani ya tatu wakaanza kuulizana wao kwa wao, hivi mtu aliyefilisika anaweza kula namna hii? Wakapanda malori yao wakarudi Dabaga. Tangu siku hiyo njegere sizitii mdomoni.

Habari ya ile picha uliyouliza mwishoni, sikumbuki sawasawa. Nadhani ililiwa na mchwa.

Mjomba wako,
Sedekia, aliyekuwa Meneja


Iyunga, Mbeya, 24 Juni 1956

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Supu yako nimeicheka mpaka wanafunzi wangu wa darasa la pili wakachungulia dirishani kuona mwalimu amepatwa na nini. Nimempelekea Sista Hedwiga, yule mzungu wa misheni niliyekuambia, naye ameitafsiri yote kwa Kijerumani na kuituma kwa ndege. Hata pale ulipoandika Meneja hakupagusa.

Lakini nisikilize, maana swali nililoweka mwishoni ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Kosa ni langu.

Benki ile inatimiza miaka mia na ishirini na mitano mwezi wa Novemba. Ni benki ndogo, ya ukoo mmoja, katika mji mdogo. Baba akizeeka anamkabidhi mwanawe ufunguo, basi, ndivyo ilivyokwenda miaka yote. Wakati wa vita nyumba yao iliungua pamoja na vitabu vyote, barua zote na picha zote. Sasa wanataka kuandika historia yao na hawana pa kuanzia. Uso wa huyo aliyeianzisha, Babu Matiasi, haupo tena popote duniani, isipokuwa kwenye picha iliyokuwa ukutani Iringa.

Na Bwana Ludolfu yu hai, mjomba. Ana miaka themanini. Macho yake yanafunga, na daktari amemwambia mwakani hataona kitu. Anataka amwone babu yake mara moja tu kabla giza halijamfika. Anasema mwaka 1939, siku Waingereza walipokuja kumchukua, aliitoa picha ukutani akampa Sedekia mkononi, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Nitunzie babu."

Sista anakwenda likizo kwao. Basi lake, lile la shirika la reli, litapita Iringa Ijumaa, tarehe 14 Septemba. Ataibeba mwenyewe mapajani mpaka meli, na kutoka meli mpaka kwa mzee. Alipouliza kama ipo, nilimjibu kwamba kama babu huyo alikabidhiwa mjomba wangu, basi yupo. Nimekwisha kutoa neno langu. Mchwa wa Kilolo mimi nawajua, nimekulia kwako. Hawajawahi kula kitu ambacho wewe uliambiwa ukitunze.

Msalimie Mama Rozalia aliyenilea pamoja nawe.

Mpwa wako,
Tusajigwe


Kilolo, 15 Julai 1956

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Unaandika vizuri, na hilo umelirithi kwangu, maana mimi niliishia darasa la tatu, lakini la tatu la zamani.

Kwanza nirekebishe kidogo. Iliyoliwa na mchwa ilikuwa picha nyingine. Hii ya babu ilichukuliwa na nyani. Dume zima, lenye mvi kifuani, liliingia stoo mchana kweupe, likayaacha mahindi likachukua picha. Nilifukuzana nalo mpaka mto Lukosi. Likavuka. Mimi, unajua, siogelei kwa sababu ya heshima yangu.

Lakini wasihuzunike, nina habari nyingine inayozidi picha. Siku ile askari wa Waingereza walipokuja, walitaka vitabu vya benki. Bwana kakaa tu, machozi yanamtoka. Nikavikusanya vitabu vyote kifuani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavitumbukiza ndani ya mizinga ya nyuki. Askari wakapekua kila mahali, hata chungu cha chumvi walikimwaga. Koplo mmoja akanyoosha kidole kwenye mizinga, "Humo mna nini?" Nikamwambia, "Fungua, afande, ujionee." Hakufungua. Lakini nyuki hawachagui, walinivimbisha mkono wa kushoto ukawa kama mguu wa ng'ombe, na siku tatu nzima niliuficha ndani ya koti ili mtu asije akauliza. Liandike hilo. Mkono wa kushoto, ndani ya koti.

Macho ya Bwana, unasema yanafunga. Yote mawili? Alikuwa anaona vumbi kwenye fremu hata akiwa barabarani.

Halafu nikuulize jambo, hivi hivi tu. Tuseme picha ingekuwepo. Huko Ulaya wangemfanya nini yule mzee? Wangemtundika ukutani wakaondoka. Nani angemweleza habari? Nani anajua anapenda nini?

Nasema tu. Picha anayo nyani.

Sedekia


Kilolo, 29 Julai 1956

Mwanangu Tusajigwe,

Naandika haraka, mjomba wako ameaga kwamba anakwenda kuangalia mizinga yake. Hana hata mmoja.

Nyani hajaja hapa. Picha ipo stoo, kwenye msumari wake, imefunikwa shuka langu la harusi. Na njegere anakula. Jana kamaliza sufuria.

Nisikilize, maana shida ni kubwa. Kila Jumamosi saa kumi mjomba wako anaoga, anavaa koti, anachukua kitambaa safi na kwenda kumfuta uso yule mzee wa Kijerumani. Kisha anafunga mlango. Na mimi sharti nimpe mbeta ya mwanzi iliyojaa ulanzi, na kiangazi ulanzi ukiisha nampa pombe ya komoni. Anasema Bwana alimwachia agizo kwamba babu asikose sehemu yake. Nikimpa mtogwa, ule mtamu wa siku moja, unarudishwa na ujumbe kwamba babu anataka uliokaa, uliokomaa. Anakaa humo saa nzima. Namsikia anamsimulia habari za hapa, nani kaoa, nani kagombana na nani, halafu anacheka. Mbeta inatoka tupu. Niliwahi kumuuliza ulanzi unakwenda wapi, akaniambia unamwagwa chini, ndivyo marehemu wanavyopokea. Sikuuliza tena. Sehemu ya marehemu haichunguzwi, na wewe unajua.

Yeye mwenyewe haonji. Aliapa mbele ya kanisa mwaka 1938 kwamba pombe basi, ndipo akafanywa mzee wa kanisa. Siku za Jumapili harufu tu ndiyo inayomtoka kidogo, kwa sababu ya kumhudumia yule babu.

Sasa Danieli kachungulia kwenye tundu la ukuta. Kamwona mjomba wako kasimama mbele ya picha, kainua mbeta, anasema, "Babu, pokea." Kaenda moja kwa moja kwa Mchungaji Eliezeri kusema kwamba mzee wa kanisa anafanya tambiko, tena anamtambikia Mjerumani, kama vile sisi hatuna marehemu wetu. Baraza litakaa Jumapili, tarehe 2 Septemba. Wakimtia hatiani hawatamwondoa kwenye uzee tu, watamtenga kabisa. Tangu Danieli aseme, mjomba wako hali vizuri, ingawa anajifanya kuimba.

Mwanangu, yule mzee na aende kwao. Nisaidie.

Mama yako,
Rozalia


Iyunga, Mbeya, 19 Agosti 1956

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sista aliniita jana, jibu la Bwana Ludolfu limefika. Mtu mwingine amemwandikia, lakini sahihi ni yake, imeandikwa kwa kupapasa. Nakunakilia kama Sista alivyonitafsiria, na alipofika katikati alivua miwani akaifuta.

"Mwambieni Sedekia kwamba supu yake imenifikia, na nyuki wake pia. Supu ya njegere ilikuwa mwaka 1848, watu wa mji walipokuja kwa fujo, na aliyekaa mlangoni akala sahani tatu alikuwa babu yangu Matiasi. Hakula njegere tena mpaka kufa. Mizinga ya nyuki ilikuwa mwaka 1866, askari walipoingia mjini, na babu alificha humo vyombo vya fedha vya majirani zake. Mkono uliovimba ulikuwa wake. Picha ilichorwa wiki hiyo hiyo, ndiyo maana mkono wa kushoto ameuficha ndani ya koti.

"Alinisimulia haya nikiwa na miaka saba, nimekaa gotini kwake. Mimi nilimsimulia Sedekia siku za Jumamosi, alipokuwa akifuta vumbi kwenye picha, kwa sababu nilikuwa mpweke, wala sikudhani kwamba anasikiliza. Nusu yake nilikwisha kuisahau. Vitabu vyetu vimeungua. Leo historia ya benki ya babu yangu imebaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo yuko Kilolo. Mwambieni aendelee kusimulia yote anayoyakumbuka. Akitaka kusema ni yeye aliyeyatenda, na aseme. Sisi tutajua."

Mjomba, sikuandikii haya ili nikuaibishe. Nilipougua surua, nikiwa mdogo, ulikaa kando ya kitanda changu siku tano ukinisimulia supu hiyo hiyo, ila wakati huo ulikula sahani mbili tu. Nilipona kwa sababu nilitaka kujua kama wale wazungu waliondoka. Leo kuna mzee huko, yuko kitandani kama nilivyokuwa mimi, naye anakusikiliza.

Habari ya baraza nimeisikia pia. Usitafute aliyeniambia. Kama unampa yule babu sehemu yake, mimi sikuhukumu, ulikabidhiwa mtu ukamtunza kwa namna unayoijua. Lakini niambie mimi kweli, kinafanyika nini humo stoo? Na tarehe 14 Septemba basi litapita. Sista atatazama dirishani.

Mpwa wako,
Tusajigwe


Kilolo, 16 Septemba 1956

Mpwa wangu Tusajigwe,

Kamwene. Babu ameondoka juzi.

Nilimtoa kwenye msumari Alhamisi, nikamfuta uso, nikamfunga ndani ya shuka la mama yako Rozalia, yeye mwenyewe akalikunja pembe. Tulipanda lori la Zubery, yule mfanyabiashara wa Kihesa. Zubery akaniambia, "Mzee Sedekia, mzigo wako uweke nyuma na magunia." Nikamwuliza, "Wewe babu yako ungemweka na viazi?" Akamtoa utingo mbele, tukakaa watatu, Zubery, mimi, na Babu Matiasi mapajani. Kila shimo la barabara nililipokea mimi.

Basi la reli lilichelewa saa mbili. Sista Hedwiga akashuka, mwembamba kama fito, akanitazama akasema, "Meneja?" Nikataka kuitika. Mwanangu, ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini yule mzee alikuwa kati yetu, na pembe ya shuka ilikuwa imefunguka, jicho lake moja linanitazama. Nikasema, "Hapana, Sista. Mfuta vumbi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ndivyo Bwana alivyokuita kwenye barua aliyoniandikia mimi. Anasema benki ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na wewe."

Kwa hiyo kwenye kitabu waandike hivyo. Supu warudishie mwenyewe, na nyuki pia. Mimi nimewaongezea mambo mengine saba niliyoyakumbuka, yako kwenye daftari nililompa Sista, na yote nimeandika "Babu Matiasi alifanya," ingawa lile la farasi kuingia benki lilikuwa linanifaa sana. Mwambie Bwana kwamba fremu ina alama ya panya upande wa chini, samahani, ila uso ni mzima. Na mkono bado ameuficha.

Sasa nije kwenye swali lako. Nimelizunguka kwa barua nzima, wewe umeona.

Baraza lilikaa tarehe 2, kama ulivyosikia. Sikutengwa. Nimevuliwa uzee kwa miezi mitatu, nakaa benchi la nyuma pamoja na wanaosinzia. Utauliza, kwa kosa gani, kama si tambiko?

Ilikuwa hivi. Mchungaji Eliezeri akasimama, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee Sedekia, unamtambikia Mjerumani?"

Nikasema, "Hapana."

"Danieli amekuona."

"Danieli aliona kwa jicho moja, tundu lenyewe dogo."

Watu wakacheka, nikajua nimeanza vizuri. Nikawaambia kwamba kuinua mbeta mbele ya picha ni desturi ya benki zote za Kijerumani. Hapo hawakucheka. Mchungaji akasema, polepole, maana ananipenda, nilimsimamia ndoa yake, "Mzee wangu, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Mama Rozalia anasema ulanzi ule unamwaga chini. Anayemwagia marehemu pombe, jina la kitu hicho tunalijua, na siwezi kukusaidia. Unamwaga?"

Nikamtazama mama yako, kakaa upande wa wanawake, kashika leso mdomoni. Miaka kumi na saba amenijazia mbeta ile bila kuuliza mara ya pili. Nikamtazama Danieli, anatabasamu. Nikafikiri, nikisema ndiyo, natengwa, wala sitazikwa na watu wangu. Nikisema hapana, kila mtu atauliza linalofuata.

Mwanangu, nilikuwa nimeapa mbele ya kanisa mwaka 1938. Mwaka uliofuata nikakabidhiwa babu. Na sehemu ya marehemu, mtu haichunguzi. Nilisema mchwa, nikasema nyani, nikamwacha Bwana wangu anapofuka huko akingoja, kwa sababu hiyo moja tu, kwamba babu akiondoka, na mbeta inaondoka.

Nikawaambia, na sasa nakuambia wewe. Stoo yangu ina sakafu kavu. Simwagi hata tone, na Babu Matiasi hajawahi kuonja. Jumamosi zote zile nilikuwa nakunywa mimi.

Mjomba wako,
Sedekia, mfuta vumbi